Katuni ya upelelezi na kirumbizi: tuanze na fumbo, mapigano baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mazungumzo yanayorudi kila skuli zinapofungwa, ya watoto wetu na filamu za katuni zenye mapigano. Wazee wanalalamika kwamba mtoto akiinuka tu mbele ya televisheni anamtafuta mdogo wake ampige teke. Vijana wachoraji nao wanajibu kuwa watatengeneza katuni yetu wenyewe, ya Kizanzibari, yenye upelelezi na sanaa ya mapigano, ya kutazamwa na nyumba nzima. Jibu la vijana naliunga mkono kwa moyo wote, na kwa mapigano nitashauri kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo. Ila kazi za namna hiyo nyingi hukwama njiani, na sababu inajulikana: zinaanzwa na mateke. Mchoraji anafungua kompyuta, anamchora shujaa anaruka, miezi mitatu inakwisha ana sekunde 40 za kupigana, na hapo ndipo anapojiuliza nani kaiba nini. Hadithi haipo, na nguvu za kuitafuta zimeshakwisha.

Katuni ya upelelezi wa kifamilia ina kanuni zake, na zimeshajaribiwa miaka mingi. Scooby-Doo ilianza kuoneshwa Marekani Septemba 1969, kazi ya studio ya Hanna-Barbera, na mhimili wake haukubadilika sana tangu hapo: vijana wanne na mbwa wao wanakutana na zimwi, wanaokota dalili moja moja, mwisho zimwi linavuliwa kinyago na ndani yake mna mtu mwenye tamaa zake. Mwaka 2009 ilitoka filamu yake moja ya takriban dakika 75 iliyowapeleka Japani, kwenye mashindano ya mapigano na upanga wa samurai. Dakika 75 kwa fremu 24, yaani picha tuli 24, za kila sekunde ni fremu 108,000. Sisi hatuna haja ya kukimbilia huko. Dakika 11 ni urefu unaojulikana katika televisheni, nusu ya kipindi cha watoto, na ni fremu 15,840. Ukichora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, kama wafanyavyo wengi, ni michoro 7,920. Mtu mmoja anayechora kwa mkono, akitoa sekunde tatu safi kwa siku, atahitaji siku 220 za kazi. Watu watatu wataimaliza katika siku 70 na kidogo, wasipougua na umeme usipokatika. Kila sekunde inayoongezwa kwenye muswada bila sababu inalipwa kwa mkono wa mtu, na ndiyo maana fumbo litangulie.

Fumbo liandikwe kutoka mwisho kuja mwanzo. Jua kwanza nani kafanya, kwa nini, kwa njia gani. Kisha chagua vitu vitatu alivyoviacha nyuma bila kujijua, uvitawanye katika dakika sita za mwanzo. Uso wa mhalifu uonekane kabla dakika ya pili haijakwisha, yumo kwenye shughuli zake kama wenziwe, anauza urojo au anashusha mikeka garini. Watuhumiwa wanne wanatosha kwa filamu ya urefu huo, kwa sababu mtoto wa miaka saba akizidishiwa hapo anaanza kuchanganya majina. Kila dalili ionekane mara mbili, ya kwanza pembeni mwa picha bila mtu kuitaja, ya pili mpelelezi anaitazama. Ikae kwenye kioo si chini ya fremu 36, yaani sekunde moja na nusu. Ikipungua, wakubwa wataiona na wadogo itawapita, na mtoto aliyepitwa anaona amedanganywa siri inapofichuka. Mpelelezi asijue jambo ambalo mtazamaji hakuoneshwa. Miswada mingi inaharibikia hapa: dakika ya mwisho anatokea mjomba kutoka bara na barua mfukoni, kesi imekwisha, na watoto waliokaa wanapiga hesabu zao sebuleni wamepoteza muda wao.

Na dalili ziwe za hapa, ambazo mtoto wa hapa atazing'amua kabla ya mtu yeyote duniani. Tuchukue maji. Tuseme siwa ya kale, pembe ya kupulizwa ya namna ya zile za Mwinyi Mkuu wa Dunga, mtawala wa zamani wa Unguja, imeibwa katika kijiji cha pwani ya mashariki, Jambiani kwa mfano, asubuhi ya mwezi kumi na tano, yaani siku ya kumi na tano ya mwezi mwandamo. Mtuhumiwa mmoja anaapa kwamba saa tano asubuhi alikuwa ndiyo kwanza anaingia na ngalawa yake kutoka nje ya mwamba, akaivuta mpaka mbele ya nyumba yake, kwa hiyo hakuwepo. Mtoto wa Jambiani hapo atasimama. Mwezi kumi na tano ni bamvua, siku za maji makubwa, na bamvua kwetu maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, yakapwa baina ya saa nne na saa tano. Saa aliyoitaja yule bwana bahari imerudi mbali, akina mama wamo kwenye mashamba yao ya mwani, na ngalawa zote zimekaa mchangani. Tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hufika karibu mita 4. Hakuna ngalawa iliyoingia saa hiyo. Mchoraji hahitaji neno hata moja kulieleza hilo: aoneshe mwezi mpevu usiku wa kuamkia, fremu 48, kisha asubuhi apitishe kamera taratibu juu ya ufukwe mkavu wakati watu wawili wanazungumza jambo jengine kabisa.

Lakini dalili ya maji ina ukali wake. Kila siku maji huchelewa takriban dakika 50, na ikifika mwezi nane, maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, baina ya saa nne na saa tano hiyo hiyo ndiyo maji yamejaa, na yule mtuhumiwa anakuwa mkweli. Mwandishi akiteleza wiki moja tu, fumbo zima limepinduka, na barua za kulisahihisha zitatoka Jambiani, Paje na Bwejuu kabla filamu haijafika mwisho. Kwa hiyo tarehe zote zipangwe kwa mwezi mwandamo kwenye karatasi moja kubwa ukutani, na kila mandhari ya pwani iandikiwe tarehe na saa kabla haijapakwa rangi. Mpaka rangi akiachwa peke yake atajaza bahari ya buluu hadi kwenye minazi, kwa sababu ndivyo kadi za watalii zilivyo. Jambo jengine la kuangalia ni sherehe. Maulidi ya Mfunguo Sita hufuata mwezi na kila mwaka hurudi nyuma kama siku 11. Nairuzi ya Makunduchi, yaani Mwaka Kogwa, hukaa Julai. Haifai kuziweka wiki moja ndani ya hadithi kwa kuwa tu zote mbili zina watu wengi.

Mwaka Kogwa wenyewe ni hazina kwa filamu ya namna hii, na nashangaa haujatumiwa vya kutosha. Wanaume wa pande mbili wanakabiliana kwa migomba, kinyongo cha mwaka kinamalizwa, wanawake wanaimba, kibanda cha makuti kinachomwa na watu wanatazama moshi unaelekea wapi. Ni mapigano ambayo jamii yenyewe imeyawekea mipaka, jambo ambalo waandishi wa nje hulihangaikia sana katika katuni za watoto. Ndani yake mna dalili nzuri pia. Utomvu wa mgomba unapodondoka nguoni hauonekani sana, ni kama maji. Baadaye unageuka kahawia hadi mweusi, na hautoki kwa sabuni. Mtu anayedai kuwa siku ile hakukanyaga uwanjani, kanzu yake ina madoa mawili meusi kwenye mkono wa kulia. Hapa mpaka rangi ahesabu: onesho la kwanza doa liwe la majimaji tu, rangi ya kanzu iliyotiwa kivuli kidogo, onesho la jioni liwe kahawia, kesho yake liwe jeusi. Akilipaka jeusi tangu mwanzo ameitoa siri, akilisahau katika onesho la kati watoto watadai doa limeletwa na mwandishi. Na moshi wa kibanda: Julai ni kusi, moshi unaelemea kaskazini. Nguo zilizoanikwa, matawi ya minazi na tanga la jahazi katika onesho hilo vyote viinamie upande mmoja na huo moshi.

Akitaka mwandishi kuleta samurai Zanzibar, kwa mfano zimwi lenye vazi la vita la Kijapani linalotisha watu vichochoroni Mji Mkongwe, naye aheshimu mambo ya wenyewe. Judo iliasisiwa na Kano Jigoro mwaka 1882, haina ngumi wala mateke katika mashindano, ni kushika, kuangusha na kubana. Karate ilitoka Okinawa. Kung fu ni ya Uchina. Katika katuni za vijana wetu yote matatu huvalishwa mkanda mweusi na kitambaa cha kichwani, na zumari moja la Kichina linapigwa juu yake. Ukijua tofauti, tofauti yenyewe inakuwa dalili. Katana huchomekwa kwenye mkanda upande wa kushoto, makali yakiangalia juu, ili kuchomoa na kukata kuwe pigo moja. Zimwi letu limeichomeka katana mkandani makali chini. Msichana anayejifunza mapigano kwenye klabu yake analiona hilo mara ya pili anapokutana nalo, na anajua kuwa aliyemo ndani ya vazi hajawahi kufundishwa. Basi wale watuhumiwa wawili walio na mikanda ya klabuni wanatoka kwenye orodha. Dalili ya namna hii inafanya sanaa ya mapigano iwe ndani ya fumbo. Ikikosekana, mapigano yanabaki pambo ambalo mhariri wa filamu anaweza kulikata bila hadithi kudhurika.

Kuhusu zimwi lenyewe nina rai moja nzito. Popobawa, jini wa usiku anayesimuliwa visiwani, asiguswe. Hofu yake, Pemba khasa, ni hofu ya kweli iliyolaza watu nje ya nyumba zao, na mambo yanayosimuliwa juu yake hayafai mbele ya watoto. Zimwi la katuni ya kifamilia libuniwe upya, liwe na umbo ambalo ukilitazama mara ya pili unaona mishono yake, na kufukuzwa nalo kusizidi sekunde 90 kwa mara moja. Linapovuliwa kinyago, uso ubaki kwenye kioo sekunde tatu kamili bila muziki, mtoto apate muda wa kumtambua mtu aliyemuona dakika ya pili.

Muswada ukishasimama, sauti zirikodiwe kabla ya kuchora. Wengi hufanya kinyume, wanachora midomo kisha wanamlazimisha mtu aseme upesi au avute maneno, na Kiswahili kinachotoka hapo hakisemwi na mtu yeyote Unguja wala Pemba. Chumba kidogo chenye magodoro matatu ukutani na blanketi mlangoni kinatosha. Maikrofoni ikae shibiri moja kutoka mdomoni, na soksi nyembamba iliyovutwa kwenye waya mbele yake izuie pumzi ya p na b. Rikodi kwa kiwango cha sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. Ratiba ifuate saa za sala, kwani Mji Mkongwe adhana inatoka misikiti mingi kwa pamoja na hakuna godoro litakaloizuia. Na wakati wa masika usipange kazi kabisa chini ya paa la bati. Watoto wachezwe na watoto. Mtu mzima anayebana sauti anachosha baada ya dakika moja, na wasikilizaji wa kwanza kuchoka ni watoto wenyewe.

Kiswahili kinampa mchoraji nafuu kubwa kwenye midomo. Irabu zetu ni tano na silabi nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo maumbo saba ya mdomo yanatosha: la a, la e na i pamoja, la o, la u, la kufunga kwa m, b na p, la meno juu ya mdomo kwa f na v, na moja la katikati kwa konsonanti zilizobaki. Mtu anayezungumza kwa utulivu hutoa kama silabi tano kwa sekunde, yaani fremu nne au tano kwa kila silabi. Kosa linaloonekana haraka ni m ya mwanzo, kama katika mtoto au mtu. Ni silabi kamili, inataka mdomo ufungwe fremu mbili au tatu. Wanaotumia programu za kujaza midomo zilizotengenezwa kwa Kiingereza huipoteza, na mhusika anaonekana anaanza kusema akiwa kinywa wazi. Picha ya mdomo itangulie sauti kwa fremu moja. Ikichelewa hata fremu mbili jicho linakataa.

Sasa tuje kwenye mapigano, ambapo nashauri kirumbizi. Tunao mchezo wa fimbo, una ngoma na zumari, una adabu zake za kuingia na kutoka uwanjani, na hakuna katuni ya nje itakayotuazima mwendo wake. Wachezaji wawili wapigwe video kwa simu iliyofungwa kwenye kigogo, isitikisike, kutoka mbele na kutoka ubavuni, kwa fremu 50 au 60 kwa sekunde kama simu inaweza, ili ncha ya fimbo isiwe ukungu mtupu. Sauti ya ngoma irikodiwe siku hiyo hiyo, kisha mapigo yake yaandikwe kwenye jedwali la fremu moja baada ya jengine. Ngoma ikienda mapigo 120 kwa dakika, kila pigo lina fremu 12. Ikienda 96 ni fremu 15, ikienda 90 ni 16. Ikiwa 100 ni fremu 14 na kitu, na hapo mchoraji asiyehesabu ataanza vizuri na baada ya pigo la nane fimbo zinagongana nje ya ngoma. Wapigaji wetu pia huongeza kasi uwanja ukipamba moto, ndiyo raha yake, kwa hiyo usivute wala kubana rikodi ifuate michoro. Michoro ndiyo ifuate rikodi.

Pigo moja la fremu 12 ligawiwe hivi. Fremu tano za kujivuta nyuma: uzito unakwenda mguu wa nyuma, kiuno kinageuka, fimbo imefichika nyuma ya bega. Fremu mbili za kushuka, na hapa kila fremu iwe na mchoro wake, ile kawaida ya mchoro mmoja kwa fremu mbili iachwe. Fremu mbili za kugongana, picha imesimama kabisa, ndipo jicho linapolihisi pigo. Tatu za mwisho ni za kurudi na kutulia. Mpangilio wa viungo ni kiuno kwanza, bega, kiwiko, kifundo cha mkono, na ncha ya fimbo mwisho wa yote. Mchoraji mpya hugawa nafasi sawasawa kutoka juu hadi chini na vyote vinakwenda pamoja, na matokeo yake fimbo inashuka kama inapita majini. Dawa ni kuchora njia ya ncha ya fimbo kwa mstari mwekundu kwenye karatasi ya juu: iwe upinde, na alama za fremu zibanane karibu na bega, ziachane mbali katikati. Mstari ukiwa umenyooka, au alama ziko sawa, hakuna haja ya kuendelea kuchora. Rekebisha hapo kwanza.

Kanzu inaficha magoti, na bila magoti uzito hauonekani. Wachezaji wakipandisha kanzu au wakivaa kikoi, kazi inakuwa nyepesi na picha inasema kweli. Pindo la nguo lichelewe fremu tatu nyuma ya mwili. Kofia ya vitobo ni nzuri machoni na ni adhabu kwa mchoraji: darizi yake ikichorwa kamili mara elfu kadhaa, mikono miwili haitakuwa na maua sawa na kofia itakuwa inatetemeka kichwani. Mistari mitatu na nukta chache zinatosha. Msichana mpelelezi na avae mtandio. Hanna-Barbera waliwavalisha wanyama wao kola na tai ili kichwa kichorwe mbali na mwili, kiungo kifichike, na mwili ubaki ule ule wakati kichwa kinazungumza. Mtandio unafanya kazi hiyo hiyo vizuri zaidi, na hakuna nywele za kuchezesha. Kwa mbinu hii maonesho ya mazungumzo, ambayo ni zaidi ya nusu ya filamu, yatataka sehemu ndogo tu ya zile michoro 7,920, na nguvu inayookolewa iende kwenye kirumbizi.

Upande wa vyombo sitakaa sana. Krita, OpenToonz na Blender ni programu za bure na zinatosha. Pesa ziende kwenye tableti ya kuchorea na diski mbili za akiba zinazokaa nyumba mbili tofauti. Jambo moja tu lisisahauliwe kwa umeme wetu: usiitoe filamu moja kwa moja kuwa video. Itoe fremu moja moja, kila moja faili lake la picha la PNG, kisha uziunganishe. Umeme ukikatika saa nane usiku unapoteza fremu moja. Ukitoa video, huenda ukapoteza usiku mzima na faili lisifunguke. Fremu 15,840 za ukubwa wa 1920 kwa 1080, tuseme megabaiti 2 kila moja, ni kama gigabaiti 32.

Sauti za vitendo zitengenezwe hapa hapa. Fimbo ikipita hewani ni henzirani nyembamba inayopungwa mita moja kutoka kwenye maikrofoni. Fimbo kugongana ni fimbo kugongana, ila mbili za ukubwa tofauti. Pigo la mgomba ni zito na la maji, na mgomba halisi uliokatwa siku hiyo hauna mshindani. Mtu kuanguka ni kitenge kilicholoweshwa kinachobwagwa juu ya mkeka. Punda wa gari ni vifuu viwili kwenye mchanga uliotiwa chumvi ya mawe.

Narudi kwa wazee, kwani hoja yao ni ya haki. Mtoto huiga anachoweza kukifanya papo hapo, na teke la kichwani anaweza. Basi mapigano ya filamu hii yawe fimbo kwa fimbo, isiguse mwili, isipande usawa wa macho. Kukwepa na kuzuia kuwe kwingi kuliko kupiga. Wapiganaji wasalimiane kabla na baada, kwenye picha, isikatwe kuokoa muda. Kama kuna kuangushwa, kuoneshwe kuanguka kwa wanajudo: kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka pembeni ya mwili, na mkeka uonekane. Huo ndio uigaji ambao mzazi hataujutia. Na aliyeumia aumie kweli. Mhusika anayepigwa na kuinuka anacheka ndiye anayemfundisha mtoto kuwa teke haliumi.

Muswada na picha za mwanzo zipelekwe Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni kabla ya kuchorwa, maana kubadilisha onesho kwenye karatasi ni kazi ya saa moja na kulibadilisha likishachorwa ni wiki tatu. Haki za muziki ziandikishwe COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, na kundi la kirumbizi lilipwe kwa mwendo wao na kwa ngoma yao, malipo mawili yaliyo mbali mbali, majina yao yaandikwe mwisho wa filamu kwa herufi zile zile za wachoraji.

Kwa ZBC, shirika letu la utangazaji, ombi langu ni nafasi ya dakika 11 jioni ya Ijumaa, ijulikane mapema ili watu wawe na tarehe ya kufanyia kazi, na filamu isimamishwe kabla ya kufichua mhalifu, iendelee baada ya tangazo moja, nyumba zipate nafasi ya kubishana. Kwa waandaaji wa ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, onesho moja la mchana ndani ya Ngome Kongwe kwa skuli za Unguja na Pemba, kabla ya katuni za wageni. Na kwako Mhariri, jedwali la maji ya bamvua na maji mafu kwa mwezi mwandamo pamoja na jedwali la fremu za mapigo ya ngoma viko tayari kwenye karatasi mbili. Ukizipa nafasi katika ukurasa wa watoto, skuli yoyote inaweza kuzikata na kuzibandika ukutani.

Mwalimu wa uchoraji wa katuni,
Michenzani, Unguja